Harambe ya Florida: Lamu bila msikiti, mbuga bila mchungaji

Nianze na gari. Nimeendesha watalii Tsavo na Maasai Mara mpaka mgongo ukagoma, kwa hiyo kwenye gari sina haja ya kuuliza mtu. Lori la Kilimanjaro Safaris, ule mzunguko wa kuangalia wanyama ndani ya bustani ya Disney's Animal Kingdom huko Florida, limefanyiwa kazi. Ubavu uko wazi, mabenchi ni marefu, paa ni la kukinga jua tu, na barabara ina makorongo na alama za magurudumu kwenye tope lililokauka. Linarukaruka pale pale ambapo mgeni angetaka lirukeruke. Ukikodoa macho chini utagundua kwamba tope lenyewe ni saruji. Ilimwagwa, ikatiwa alama za magurudumu ikiwa mbichi, ikapakwa rangi ya udongo. Mimi nimekwama kwenye tope la kweli, nimesukuma gari huku wazee wanne wa Ohio wakinitazama kupitia dirishani, na nasema bila kejeli: fundi anayetengeneza tope la saruji kwa uangalifu huu anastahili heshima yake.

Aliyelipa ni binti yangu anayeishi Tampa. Tiketi ya mtu mzima inapita dola 100 kwa siku, bei ikipanda na kushuka kulingana na tarehe, na maegesho yanalipiwa juu yake. Mjukuu wangu ana miaka minane, kazaliwa huku huku, na kabla hatujashuka garini alikuwa keshaamua kwamba anakwenda kuona alikofanya kazi babu yake. Kwa hiyo tathmini hii nawaandikia hasa watu wetu walioko Marekani wenye watoto wa aina hiyo. Anachokiona mtoto pale ndicho darasa lake zima linachokijua kuhusu Afrika Mashariki, mwalimu akiwemo, na pengine hata mbunge wao kule Washington.

Kwa wanyama sina malalamiko makubwa. Eneo lina ekari 110, na kwa dakika kama 20 unapita kwa kiboko, mamba, ndovu, twiga, faru, nyumbu, duma na simba. Uzio huuoni, kwa sababu wanatenganishwa na mahandaki yaliyofichwa kwa majani. Simba wamewekewa mwamba unaopozwa ili walale mahali pa kuonekana. Sisi tulikuwa tukiambiana redioni "sharubu yuko kwenye laga", yaani simba yuko kwenye mkondo mkavu wa mto, ili wageni wasielewe wakaanza kushangilia kabla ya wakati, na mara nyingi tukifika sharubu keshaondoka, wageni wananuna, bakshishi inapungua. Hapa sharubu ana mshahara wa kulala. Miti inayofanana na migunga ni mialoni ya Florida iliyopunguzwa vichwa ikawa bapa, na mibuyu mingine ni ya saruji. Okapi wa Kongo hayuko mbali na twiga, kitu ambacho kingemchekesha mtoto wa darasa la tano, lakini hii ni bustani ya burudani, haikuahidi kuwa ramani.

Halafu tukafika kwa ng'ombe.

Wale ni ng'ombe wa Ankole, wenye pembe nene nyeupe zinazopanda juu kupita urefu wa mkono wangu. Walikuwa wamesimama nyasini, twiga wakiwa hatua chache kutoka kwao, bila mtu, bila fimbo, bila kengele, bila mbwa. Abiria wakainua simu. Kiongozi akaeleza kwamba pembe zile huwasaidia kupoza mwili, jambo ambalo ni kweli, kisha lori likaendelea. Hakusema kwamba ni mali ya mtu. Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, hawa simba huwa anawala?" Nikamwambia simba akijaribu atakuta watu. Nikamwambia kwao wana majina, mmoja mmoja, na Wanyankole na Wanyarwanda huwatungia mashairi. Yule mama wa kiti cha mbele aligeuka akasikiliza, nikaona kwamba hilo lilimshangaza kuliko faru.

Nilitumia siku nzima kumfikiria yule mchungaji asiyekuwepo, kwa sababu hakutolewa kwenye picha na Disney. Alikuwa ametolewa zamani. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, alipotoka tu urais, na msafara wake ukapeleka wanyama zaidi ya 11,000 kwa makumbusho ya Smithsonian kule Washington, wakubwa kwa wadogo. Carl Akeley, aliyekuwa fundi wa kutengeneza wanyama waliokufa waonekane hai, ndiye aliyeuwazia ukumbi wa wanyama wa Afrika kwenye jumba la makumbusho ya viumbe asilia New York. Ulifunguliwa 1936, yeye keshafariki miaka kumi, una ndovu 8 katikati na madirisha 28 kuzunguka, kila dirisha na mandhari yake. Vizazi vya watoto wa shule wamepitishwa pale. Huyo huyo Akeley alimshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji atenge hifadhi ya gorila Kongo, ikatangazwa 1925. Ona mpangilio huo: kwanza inawaziwa picha ya nyika isiyo na mtu, kisha inatungwa sheria ya kuifanya nyika ifanane na picha. Wamaasai wa Serengeti walihamishiwa Ngorongoro mwaka 1959. Waliowahamisha walikuwa Waingereza, najua, lakini wageni wangu Wamarekani walikuja wakiwa tayari wameshaamini kwamba Serengeti ilikuwa tupu tangu kuumbwa. Nikisimamisha gari kwa ajili ya kundi la mbuzi walikuwa wakiniomba nisogeze mbele ili mbuzi wasiingie kwenye picha.

Mpaka 2012 hivi lori hili lilikuwa na hadithi. Redio ilikuwa ikitangaza kwamba majangili wamemchukua mtoto wa ndovu, Little Red, na mama yake Big Red yuko hatarini. Dereva anakanyaga mafuta, abiria wanasaidia kuwafukuza majangili, mtoto anaokolewa, mnashuka, karibuni dukani. Wakati wa majaribio, kabla ya bustani kufunguliwa, kulikuwa na mzoga wa Big Red njiani, ukaondolewa kwa sababu ulikuwa unawaumiza wageni. Mimi mizoga ya Tsavo nimeiona, uso umekatwa kwa shoka, na siwezi kumcheka mtu anayetaka kuwaambia watoto habari hizo. Ninachokihoji ni nafasi ya kila mmoja katika mchezo ule. Mwafrika asiye na sura ndiye mwizi. Mgeni aliyelipa tiketi ndiye mwokozi, na kazi yake inaisha kabla ya chakula cha mchana.

Na hadithi hiyo ilikuwa na nguvu kweli. Juni 1989 Rais George H. W. Bush alipiga marufuku kuingiza pembe za ndovu Marekani. Mwezi uliofuata Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na moto ule uliwashwa kwa ajili ya kamera. Richard Leakey, mkuu wa idara ya wanyamapori Kenya wakati huo, alijua vizuri sana ni sebule za nani anazozitaka. Oktoba biashara ya kimataifa ikafungwa. Mwaka 2013, tarehe 1 Julai, Rais Obama alikuwa Dar es Salaam akatangaza amri ya kupambana na biashara haramu ya wanyamapori pamoja na dola milioni 10 za kusaidia, na 2016 soko la pembe ndani ya Marekani likafungwa karibu lote. Nashukuru. Nimekula mkate wa ndovu hao. Ila linganisha na nguo. Nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kupunguza mitumba ili viwanda vyao vipumue, wafanyabiashara wa mitumba Marekani walilalamika serikalini kwao, Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma moja baada ya nyingine, na Rwanda iliyokaza msimamo ikaondolewa msamaha wa ushuru wa nguo chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Julai 2018. Hakuna abiria yeyote wa Florida aliyepaza sauti. Hakuna lori linalokwenda kuangalia kiwanda cha nguo.

Sasa mji. Harambe ni mji wa kubuni, na ndiyo sehemu bora ya bustani yote. Waliobuni, wakiongozwa na Joe Rohde, walizunguka Afrika Mashariki kabla ya kuchora, na Lamu inaonekana mara moja: kuta nene nyeupe zilizobanduka lipu, milango ya kuchongwa, ngome, bandari ndogo. Juu kuna nyaya za umeme zilizoning'inia ovyo, na kuta zina matangazo ya biashara yaliyochakaa. Binti yangu alidhani wanatudharau kwa kubandua lipu makusudi. Mimi niliona kinyume chake. Mji uliochakaa ni mji uliokaliwa. Na kuna ukuta umeandikwa UHURU 1961. Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Bustani ya Kimarekani inayompa mtalii, bila maelezo, mwaka ambao watu walijitawala! Kwenye ukumbi wa Akeley hutapata kitu kama hicho. Mwaka huo huo wa 1961, Washington, hakimu wa mahakama ya kodi aitwaye Russell Train, ambaye mwenyewe alikuwa mwindaji, alianzisha taasisi ya kuandaa Waafrika kusimamia wanyama baada ya uhuru, na ndiyo iliyosaidia kufunguliwa kwa chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1963. Maafisa wanyamapori niliowapa lifti maishani, wengi walipita Mweka. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: Mmarekani akipenda ndovu zetu, mara nyingine hufanya la maana.

Lakini katika Harambe sikuona msikiti. Wala sikusikia adhana. Mke wangu ana jamaa mtaa wa Langoni, Lamu nimelala mara nyingi, na hakuna saa ya Lamu isiyo na adhana. Ukitoa adhana, ukatoa madrasa, ukatoa wazee wa barazani na kofia zao, ukatoa Maulidi, kinachobaki ni kuta. Kinyesi cha punda pia hakuna, ila hicho nimekisamehe.

Naelewa kwa nini mbuni wa bustani angeikwepa dini. Lakini angalia kalenda. Bustani ilifunguliwa 22 Aprili 1998. Tarehe 7 Agosti mwaka huo huo, ikiwa haijatimiza miezi minne, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, watu 224 wakafa, 12 kati yao Wamarekani. Tangu hapo Mmarekani ana Afrika Mashariki mbili, na hazijawahi kukutanishwa kichwani mwake. Moja ni ya twiga na ngoma, haina Mwislamu hata mmoja. Ya pili ina Waislamu, na wote wanatazamwa kupitia kioo cha kuzuia risasi.

Nayo Lamu yenyewe, ile ya kweli, iliangukia upande wa pili. Pale Manda Bay, ng'ambo kidogo ya mji, kwenye kambi ya jeshi la majini la Kenya, wanajeshi wa Marekani wana kituo kiitwacho Camp Simba. Jina hilo ungelipata hata kwenye duka la Disney. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliishambulia wakaua Wamarekani watatu. Na kwa miaka mingi Idara ya Mambo ya Nje ya Marekani imekuwa ikiwaonya raia wake wasikanyage sehemu za kaunti hiyo. Hatari ilikuwepo, sikatai. Kulikuwa na utekaji wa wageni 2011 na mauaji ya Mpeketoni 2014. Lakini matokeo yake ni kwamba leo Mmarekani wa kawaida anaweza kutembea Lamu ya saruji akiwa na aiskrimu, huku serikali yake ikimwogopesha Lamu ya matumbawe, na wala hajui kwamba ni mji mmoja.

Onyo la Washington tulikuwa tunalijua kabla halijafika magazetini, kwa sababu faksi za ofisini zilikuwa zinaanza kulia. Kundi la watu 12 limefuta. Wanandoa wa Denver wamefuta. Baada ya Agosti 1998 kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ililaza magari uani, na baada ya hoteli ya Kikambala kulipuliwa Novemba 2002 ikawa hivyo tena. Bomu likilipuka Nairobi, mteja anafuta Amboseli. Kwake yeye yote ni sehemu moja. Ni picha ile ile ya lori: ukishazoea kuona okapi karibu na twiga, huoni ajabu Mogadishu kuwa karibu na Naivasha.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi na hapendi niwasimange watu wanaomlipa, alinipinga tukiwa kwenye foleni. "Baba, na dawa za ukimwi je?" Ana haki. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alitangaza mpango wa dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na kuna watu ninaowajua wanaotembea leo kwa sababu hiyo. Hakukuwa na lori lililowaonyesha Wamarekani wagonjwa wa Kisumu. Kulikuwa na makanisa, ambayo yana picha yao nyingine ya Afrika, na hiyo ingehitaji tathmini ya peke yake.

Chakula, kwa haraka. Tusker House ni bafe kubwa, mchuzi wa bizari ni mzuri, pilipili imetiwa kwa woga, na kinywaji cha matunda wanachokiita Jungle Juice watoto hawakiachi. Donald Duck anapita mezani amevaa nguo za msafiri wa porini, zile za rangi ya kaki zenye mifuko. Hii ndiyo sare ambayo tangu enzi za Roosevelt haijabadilika, na sasa amevaa bata. Nilicheka mpaka nikatoa miwani.

Jioni tulikwenda kwenye hoteli yao, Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001. Ukumbini kuna Ijele, kinyago kikubwa cha Waigbo, kirefu kuliko nyumba ya kawaida ya chini, na kwenye kuta kuna kazi za sanaa za bara zima. Twiga wanakula nje ya vyumba. Lakini kilichonigusa zaidi ni wafanyakazi. Disney huajiri vijana kutoka nchi za Afrika waje wakae na wageni, na vifuani wamevaa vibandiko vyenye majina yao na wanakotoka. Binti mmoja wa Botswana alinisalimu "Dumela, rra" kwa kunyenyekea kama ambavyo angemsalimu mzee wa kwao, akidhani mimi ni wa huko, na nilipomweleza kazi niliyoifanya akacheka akaniuliza wageni wangu walikuwa wakiniuliza nini. Nikamwambia: kama nimewahi kumpiga simba kwa mkuki. Yeye huulizwa kama nyumbani kwao kuna barabara. Hujibu kwamba baba yake huuza magari.

Jibu hilo moja, linalotolewa kwa tabasamu kwa familia ya Iowa inayosubiri meza, linafanya kazi kuliko mzunguko mzima wa lori. Tatizo ni kwamba lori linabeba watu kuanzia asubuhi hadi jioni, na yeye ni mmoja, kwenye hoteli ambayo wageni wengi wa bustani hawafiki. Ningekuwa na sauti pale ningemhamishia kwenye lori, pale kwa ng'ombe wa Ankole, na kipaza sauti mkononi. Botswana wanajua ng'ombe.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Nendeni bustani inapofunguliwa, wanyama huwa macho na foleni haijawa ndefu. Ukitaka kulipa nyongeza kuiruka, hiyo ni juu yako. Kaeni mwisho wa benchi, si katikati. Ukuta wa UHURU 1961 uangalieni kabla ya lori, kwa sababu mkishuka umati wote unavutwa kwenye onyesho la nyimbo la Lion King na hamtapata nafasi ya kusimama. Treni ya kwenda kituo cha uhifadhi ni ya kupumzisha miguu tu. Hoteli msiikose, na Ijele utazameni kwanza, kabla twiga hawajawaiba watoto.